Jinsi ya kujua kama mkono ulionyoosha ni wako

Kwa miaka kumi na tisa kazi yangu ilikuwa kuandika mihtasari ya vikao. Nilikaa pembeni ya meza na kalamu yangu, sina kura, sina sauti, nikinakili yale waliyoamua wengine. Asiye na kura huona mengi. Mwenyekiti akisema "wanaoafiki wanyooshe mikono", mikono hainyooki kwa pamoja hata siku moja. Wa kwanza huwa ni yuleyule wa kila kikao. Hufuata wawili walioketi wakimtazama. Halafu panapita kimya cha pumzi moja, watu wakiangaliana kwa pembe ya jicho, kisha mikono yote iliyobaki inapanda kwa mkupuo. Nami naandika: "Wajumbe waliridhia kwa kauli moja."

Nikaanza kuchora. Nyuma ya daftari nilichora meza na viti, na ndani ya kila kiti nikaweka namba: nani katangulia, nani kafuata, nani alikuwa wa mwisho. Baada ya miezi kadhaa niliweza kukisia matokeo kabla hoja haijasomwa. Niliwacheka kimoyomoyo. Bendera hufuata upepo, nikasema.

Kisha ikafika zamu yangu. Nilikuwa mjumbe wa kamati ya wapangaji wa jengo nililokaa, safari hii mwenye kura kama wengine. Hoja ilikuwa kumwondoa mweka hazina kwa sababu fedha zilipungua. Wiki moja kabla nilikuwa nimelipitia daftari lake. Upungufu wenyewe uligawanyika kwa tisa bila baki, na kila aliyewahi kushika vitabu vya hesabu anajua maana yake: yawezekana sana tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, mtu ameandika 54 palipotakiwa 45. Nilikuwa hata nimeuona ukurasa wenyewe. Nililijua hilo nikiwa nimekaa pale. Mwenyekiti akauliza, mikono ikapanda, na nilipotazama, wangu ulikuwa juu. Sikumbuki kuunyanyua.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama hiari ipo kweli ndani ya jamii, au kama sisi sote ni vikaragosi vinavyochezeshwa kwa nyuzi, simjibu ndiyo wala hapana. Namwonyesha namna ya kuchunguza. Utahitaji daftari, wiki tatu, na mtu mmoja unayemwamini. Huyo mtu ndiye kifaa kikubwa kuliko vyote, ila tutamfikia baadaye.

Weka kando swali lisilopimika

Kuna swali kubwa na kuna swali letu, na watu huyachanganya. Swali kubwa ni kama ulimwengu mzima umekwisha pangwa. Mwaka 1814 mwanahisabati Mfaransa Pierre-Simon Laplace aliwaza kuhusu akili ambayo ingejua mahali pa kila chembe na kila nguvu inayoisukuma. Akili hiyo ingeiona kesho waziwazi kama inavyoiona jana. Mwanafalsafa Spinoza alikuwa ametangulia, katika barua ya mwaka 1674: jiwe lililorushwa hewani, alisema, lingekuwa na fahamu, lingedhani linaruka kwa kupenda kwake.

Watu wa sayansi ya ubongo nao wakaingia. Mwaka 1983 Benjamin Libet na wenzake walichapisha jaribio ambalo mshiriki alikunja kifundo cha mkono wakati wowote alioutaka, huku akitazama nukta inayozunguka kwenye uso wa saa ili aseme ni lini hasa aliona hamu ya kukunja. Umeme wa ubongo ulianza kupanda kama nusu sekunde kabla ya mkono kusogea. Hamu, kwa maelezo ya washiriki wenyewe, ilikuja kama sehemu moja ya tano ya sekunde kabla. Yaani ubongo ulikuwa umekwisha shika njia, mwenyewe bado hana habari. Wengi walilichukua hilo kuwa msiba wa hiari. Lakini mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake walionyesha kwamba mpando ule unaweza kuwa mawimbi tu ya kawaida ya ubongo, yanayopanda na kushuka bila mpango, na mkono husogea pale yanapovuka kiwango fulani. Libet mwenyewe aliamini kwamba katika ule muda mfupi uliobaki, mtu bado anaweza kujizuia.

Nililisoma jaribio lile kwa hamu, kwa sababu lilihusu mkono, na mimi nina kesi na mkono. Lakini ukilifikiria vizuri, kukunja kifundo cha mkono bila sababu yoyote si jambo ambalo jamii inalitolea macho. Hakuna mweka hazina aliyefukuzwa kwa sababu mtu alikunja kifundo. Hata kama kila kitu kimepangwa tangu nyota ya kwanza, bado kuna tofauti kati ya aliyetia saini akiwa ameelekezewa bunduki na aliyetia saini baada ya kusoma ukurasa hadi mwisho. Tofauti hiyo ndiyo tunayoipima. Wanafalsafa Thomas Hobbes mwaka 1651 na David Hume mwaka 1748 waliona hivyo pia: uhuru ni kutozuiwa kufanya unachokitaka.

Ila jibu lao halitoshi, na mkono wangu ni ushahidi. Mimi sikuzuiwa. Hakuna aliyenifunga wala kunitisha. Jamii haihitaji kukuzuia usifanye unachotaka ikiwa imekwisha ingia mahali pale kutaka kunapoanzia. Mwanasosholojia Émile Durkheim, mwaka 1895, aliufananisha mkazo wa jamii na uzito wa hewa: hewa haiachi kuwa na uzito kwa sababu tu sisi hatuuhisi.

Neno letu lenyewe linatusaidia kuliko jibu la Hobbes. Hiari limetoka kwenye Kiarabu, mzizi mmoja na heri. Kuchagua kwa hiari ni kutazama mawili na kushika lile uliloliona lina heri zaidi. Kwa kipimo hicho, mkono wangu siku ile haukuwa wa hiari, si kwa sababu nililazimishwa, bali kwa sababu sikutazama mawili.

Chagua uamuzi wa kupima

Chukua uamuzi mmoja kila siku. Uwe umekwisha fanyika, uwe unahusu watu wengine, na uwe mdogo. Usianze na ndoa wala dini wala kazi. Hizo utaziogopa na utajidanganya. Anza na "nilikubali kumpokelea mwenzangu zamu", "nilicheka mzaha usionichekesha", "nilinunua simu ya aina ile". Andika saa, nani alikuwepo, na ulikuwa umekaa au umesimama. Hilo la kukaa na kusimama utaona ni upuuzi, andika tu.

Andika sababu kabla hujaisimulia

Fanya hivi siku ileile. Sababu ikishasimuliwa mara mbili imekwisha kuwa hadithi, na hadithi hutengenezwa impendeze msikilizaji.

Hata hivyo usiiamini sana hata ile ya kwanza. Mwaka 1977 Richard Nisbett na Timothy Wilson walieleza jaribio la soksi ndefu za kike. Jozi nne zilipangwa mezani, watu wakaombwa wachague iliyo bora. Ile ya kulia kabisa ilichaguliwa karibu mara nne zaidi ya ile ya kushoto kabisa. Walipoulizwa sababu, walitaja ufumaji na ubora. Soksi zote zilikuwa sawasawa. Hakuna aliyetaja nafasi yake mezani, na walipoulizwa moja kwa moja kama nafasi ilichangia, karibu wote walikana. Mwaka 2005 Petter Johansson na wenzake nchini Sweden walikwenda mbali zaidi: mtu alichagua picha ya uso aliouona unavutia kuliko mwingine, kisha kwa kiinimacho akapewa ile aliyoikataa na kuulizwa kwa nini ameipenda. Wengi hawakugundua. Walieleza, kwa ufasaha kabisa, kwa nini wameupenda uso ambao hawakuuchagua.

Nilipoyasoma haya nilikumbuka maelezo niliyompa jirani jioni ile baada ya kikao. Nilisema nimepiga kura vile "kwa ajili ya umoja wa kamati". Niliamini kabisa. Umoja wa kamati! Mimi, niliyekuwa nimeiona ile tisa.

Kwa hiyo andika sababu upande wa kushoto wa ukurasa, na upande wa kulia uache wazi. Utaujaza hatua kwa hatua.

Winda maneno yasiyo na mwenyewe

Hapa ndipo kazi yangu ya zamani ilipokuwa chuo kwangu, na hapa nakuomba ukae muda mrefu.

Kiswahili kina vitenzi vinavyokwepa kumtaja mtendaji, na sisi tunaoandika mihtasari tunaishi kwavyo. *Imeamuliwa.* Na nani? *Imeonekana ni vyema.* Imeonekana na macho ya nani? *Ilibidi.* Hiki ndicho hatari kuliko vyote, kwa sababu kinatamkika bila shaka yoyote, kama mtu anayesema mvua ilinyesha. Kuna na *nilijikuta*: nilijikuta nimekubali, nilijikuta nimeahidi, kana kwamba kuna wewe mwingine aliyetangulia kufika, nawe ukamfumania. Kuna *si unajua tena*. Kuna *kila mtu anafanya*.

Soma sababu zako za wiki nzima na kila palipo na neno la aina hiyo, piga mstari. Kisha upande wa kulia liandike upya likiwa na mtu ndani yake. Mtu wa kwanza awe wewe, wa pili awe yule uliyemwogopa, kumpenda, kumwonea haya au kumhitaji. "Ilibidi nikubali zamu" huwa "nilikubali zamu kwa sababu niliogopa msimamizi angeniona mvivu". "Nilijikuta nimecheka" huwa "nilicheka kwa sababu sikutaka kuwa peke yangu nisiyecheka". Na yangu: "Nilinyoosha mkono kwa sababu mkono wangu ukibaki chini wangeniuliza kwa nini, na kujibu kungemfanya mwenyekiti aonekane hajui hesabu."

Sentensi hiyo ilinichukua siku nne kuiandika. Nilijaribu kuifunika kombe mwanaharamu apite. Niliandika "kwa heshima kwa mwenyekiti" nikaikata, "kwa kuepusha mtafaruku" nikaikata. Ukiona unakata sana, uko karibu na ukweli.

Utagundua makundi mawili. Katika baadhi ya "ilibidi" zako, ukimweka mtu ndani, sentensi inasimama vilevile na huna cha kuongeza: ilibidi, kweli, kwa sababu asiyekubali angelala nje na watoto. Hapo usijilaumu, na usikubali mtu akuambie kwamba hata hapo ulikuwa huru kuchagua. Kuna wanaopenda kuhubiri hivyo, mara nyingi wakiwa wameshalipa kodi ya nyumba. Kundi la pili ni zile ambazo ukimweka mtu ndani, unaona aibu kwa jinsi nguvu iliyokusukuma ilivyokuwa ndogo: jicho moja, kikohozi kimoja. Kundi hilo ndilo lenye nafasi ya kufanyia kazi.

Uliza: ningekaa kimya, nini kingetokea?

Maamuzi mengi tunayoyaita yetu yalifanywa na aliyetengeneza fomu. Mwaka 2003 Eric Johnson na Daniel Goldstein walilinganisha nchi za Ulaya kwa suala la kutoa viungo vya mwili baada ya kufa. Ujerumani, ambako asiyesema kitu alihesabiwa hakukubali, waliokubali walikuwa asilimia 12. Austria, ambako asiyesema kitu alihesabiwa amekubali, asilimia 99.98. Nchi mbili jirani, lugha moja. Ukimkuta Mjerumani mmoja na Mwaustria mmoja, kila mmoja huenda akakupa sababu nzuri ya msimamo wake.

Kwa hiyo andika kando ya kila uamuzi: kimya changu kingehesabiwa ndiyo au hapana? Na nani alipanga hivyo? Fupi tu. Wenyeviti stadi huuliza "kuna mwenye pingamizi?" badala ya "nani anaafiki?", na mimi nilikuwa naandika kauli moja bila hata mkono mmoja kunyooka.

Ondoa kitu kimoja

Sasa fanya mazoezi ya "ingekuwa". Chukua uamuzi uleule, badilisha jambo moja tu, kisha jiulize kwa uaminifu kama ungeamua vile. Ondoa haraka. Ondoa mtu mmoja chumbani. Hama kiti.

Haraka uichukulie kwa uzito. Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi wa seminari huko Princeton. Wanafunzi walitakiwa kwenda jengo la pili kutoa hotuba, na njiani aliketi mtu ameinamisha kichwa, akikohoa na kugumia. Kati ya walioambiwa wana muda, asilimia 63 walimsaidia. Kati ya walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Baadhi yao walikuwa wanakwenda kuhutubia kuhusu Msamaria Mwema. Unaweza kusema wale waliopita hawakuwa na huruma. Mimi naona walikuwa nayo, ila saa iliyafunga macho yao kabla huruma haijaona.

Kuhusu watu chumbani, jaribio la mwanasaikolojia Solomon Asch la mwaka 1951 ndilo ninalolirudia kila mara, kwa sababu ni kikao kabisa. Watu kadhaa wanaonyeshwa mistari na kuulizwa upi una urefu sawa na ule wa mfano. Jibu linaonekana hata kwa mtoto. Lakini wote isipokuwa mmoja wamepangwa, na katika duru 12 kati ya 18 wanatoa jibu moja lisilo sahihi kwa sauti kubwa. Yule asiyejua amewekwa karibu na mwisho, kwa hiyo anawasikia karibu wote kabla ya zamu yake. Robo tatu ya waliopimwa walikubali kosa angalau mara moja. Wengi wape, kama tusemavyo, usipowapa watachukua kwa mikono yao.

Wanaosimulia habari hii huishia hapo, na kuhitimisha kwamba binadamu ni kondoo. Waendelee kusoma. Kwanza, robo moja hawakuyumba hata mara moja. Pili, Asch alibadilisha jambo moja: akamweka mtu mmoja tu anayesema ukweli. Makosa yakashuka hadi karibu robo ya yalivyokuwa. Mmoja tu. Akabadilisha tena: yule mmoja akapingana na kundi lakini kwa jibu baya zaidi kuliko lao. Hata hapo aliyepimwa alipata nafuu na kusema alichokiona. Hakuhitaji mtu wa kukubaliana naye. Alihitaji kuona kwamba kutofautiana kunawezekana na paa haliporomoki. Na yule mwenzi alipotoka chumbani katikati ya jaribio, makosa yaliongezeka, ila si kama pale mwenzi alipogeuka na kujiunga na wengi. Aliyeondoka alikuwa ameacha kitu nyuma yake.

Stanley Milgram alikuta jambo hilohilo mahali pa kutisha zaidi. Katika jaribio lake la Chuo Kikuu cha Yale, lililochapishwa mwaka 1963, watu 26 kati ya 40 waliendelea kubonyeza mashine waliyoamini inampiga mtu mwingine umeme, hadi volti 450, kwa sababu tu mwenye koti la maabara alisema waendelee. Katika toleo jingine, wawili waliopangwa waliketi pamoja na aliyepimwa na wakagoma njiani. Safari hiyo, 36 kati ya 40 hawakufika mwisho.

Haya ndiyo yaliyonibadilisha mawazo. Nilikuwa nadhani hiari ni kitu ambacho mtu anacho kifuani na jamii inakuja kukinyang'anya. Kwamba aliye huru kabisa ni aliye peke yake. Sasa naona kwamba hiari, sehemu yake kubwa, huazimwa. Jamii ileile iliyounyanyua mkono wangu ndiyo pekee ingeweza kuushusha, kupitia mtu mmoja ambaye mkono wake ungebaki chini. Swali la "mimi au jamii" lilikuwa limepindwa tangu mwanzo. Jamii ipi, na nani ameketi kando yangu: hilo linapimika.

Tenganisha ulichopewa na ulichowekewa

Utafika siku utakapoona kwamba hakuna chochote kilichoandikwa daftarini ambacho hakikutoka kwa watu, na utakata tamaa. Lugha unayoandikia umepewa. Aibu umefunzwa. Hata hamu ya kuwa huru umeisikia mahali. Kwetu misemo yenyewe inavutana: mmoja unasema mwacha mila ni mtumwa, mwingine hiari yashinda utumwa. Mtu anaweza kuisema yote miwili kwa siku moja bila kuona shida.

Mwanafalsafa Harry Frankfurt, mwaka 1971, alitoa kipimo ninachokitumia. Binadamu hataki tu vitu. Anaweza pia kutaka au kutotaka yale matakwa yake yenyewe. Mvutaji anataka sigara, na papo hapo anatamani asingeitaka. Kwa hiyo usiulize "nimelipata wapi takwa hili?", maana jibu ni "kwa watu" daima. Uliza: nikiwa nimetulia, nikijua lilikotoka, ningependa liendelee kuwa langu? Mimi nilifundishwa na wakubwa wangu kutomaliza kazi nusunusu. Sikulichagua hilo. Nimelipekua, nimelipenda, ni langu. Nilifundishwa pia kutomkosoa mkubwa mbele za watu. Hilo nimelipekua mara nyingi, na bado sijui la kulifanya. Nusu yake ni adabu ninayoipenda, nusu ni ule mkono.

Usidai ndiyo au hapana kwa kila uamuzi. Mimi naandika ulikuwa wangu kwa robo, kwa nusu, au kwa robo tatu.

Baada ya wiki tatu

Usijaribu kuwa jasiri. Ujasiri humwisha mtu saa ileile anapouhitaji. Badilisha mazingira, kwa sababu tumekwisha ona kwamba mazingira yana mkono mrefu.

Omba muda. "Nitajibu kesho" ni maneno mawili, na yameokoa zaidi ya hotuba zangu zote.

Omba kura ya siri pale inapowezekana. Watu hudhani imekuwepo siku zote, lakini jimbo la Victoria huko Australia lilianza kuitumia mwaka 1856, na Uingereza mwaka 1872. Kabla ya hapo mpiga kura wa Uingereza alitaja chaguo lake hadharani, mbele ya mwenye ardhi yake au mwajiri wake. Sanduku lilifanya kazi ambayo ushujaa haukuiweza.

Mdogo aseme kwanza. Katika Mishna, mkusanyiko wa sheria za Kiyahudi uliokamilika karibu mwaka 200, kwenye kesi za kifo mahakimu walitoa kauli wakianzia pembeni, kwa wadogo, ili mkubwa asiwafunge midomo kabla hawajaifungua.

Na yule mtu mmoja. Mtafute nje ya kikao, mwonyeshe daftari, mpeane ahadi ndogo: "Ukiniona nimenyamaza kwa namna ile, nigeukie uniulize ninaonaje." Asiwe rafiki anayekubaliana nawe katika kila jambo. Tuliona kwa Asch kwamba hata anayekosea kwa njia yake anatosha.

Usilitumie daftari hili kujisafisha. Mweka hazina alihama jengo kabla hesabu haijasahihishwa, na kujua kwamba chumba kizima kiliusukuma mkono wangu hakukumrudishia chochote. Kulinisaidia tu kuacha kumchukia mwenyekiti, ambaye nikimchora kwenye kiti chake naye alikuwa akimtazama mtu.

Miaka miwili baadaye nilikuwa kwenye kamati nyingine. Hoja ilikuwa ndogo, mkataba wa mtu wa usafi, na mikono ilikuwa inapanda kwa mpangilio ninaoujua. Niliyepeana naye ahadi akageuka: "Dada, wewe unaonaje?" Nikasema sijausoma mkataba, naomba tuahirishe. Mzee aliyeketi mbele yangu alikuwa amenyoosha mkono. Akauteremsha mpaka usawa wa sikio, akauacha hapo, kama anayejikuna. Kijana aliyekuwa akiandika muhtasari alininong'oneza aandike nini, kwa kuwa "kauli moja" haikuwezekana tena. Nikamwambia aandike majina.